Mtoto ameungua na jua hadi kubambuka: je, ni mwanzo wa saratani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 11. Mwezi uliopita alishinda bwawani na wenzake tangu asubuhi hadi alasiri, akarudi mabega na mgongo vimeiva. Usiku hakulala. Kesho yake yakatoka malengelenge, na baada ya siku kadhaa ngozi ikaanza kubambuka vipande vipande. Sasa imetulia. Baba yake anasema ngozi mbovu imeshatoka, imekuja mpya, mambo yamekwisha. Dada yangu anasema mtoto akiungua na jua hata mara moja, saratani inamngoja ukubwani. Mtoto amefuata rangi ya baba yake, ni mweupe na anaiva haraka. Mimi ni maji ya kunde. Niliwahi kuungua lakini sikuwahi kubambuka. Nani mkweli, na je, nimpeleke mtoto akapimwe?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kukesha na mtoto.

Nianze na la mwisho, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, huna haja ya kumpeleka mtoto kupimwa saratani kwa sababu ya kuungua huko. Hakuna kipimo cha damu wala cha picha kinachoweza kuonyesha leo kama kuungua kwa mwezi uliopita kutaleta saratani, na saratani ya ngozi kwa mtoto wa umri huo ni adimu sana. Kuhusu nani mkweli: mumeo amekosea, na dada yako ametia chumvi. Kati ya hao wawili, kosa la mumeo linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu anayeamini kwamba ngozi ikibambuka mambo yamekwisha hatakuwa na sababu ya kumkinga mtoto safari ijayo.

Kinachounguza si joto la jua. Ni miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV, ambayo jicho haliioni na ngozi haiisikii. Inayotufikia ardhini ni ya aina mbili: UVA, ambayo ni karibu asilimia 95 ya yote, na UVB, ambayo ni kidogo lakini ni kali na ndiyo yenye lawama kubwa ya kuungua. Kwa kuwa miale hii haileti hisia ya joto, mtoto aliye majini anaburudika na ubaridi huku mabega yake yanaiva. Upepo ukivuma au wingu jepesi likitanda, ndiyo kabisa hashtuki, ingawa sehemu kubwa ya miale inapenya wingu la namna hiyo. Wekundu nao huchelewa: huanza saa 2 hadi 6 baadaye na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24. Mzazi anayengoja ngozi ibadilike ndipo amwite mtoto kivulini amechelewa; dozi imeshaingia.

Sasa tuingie ndani ya ngozi. UVB ikipenya tabaka la juu humezwa na DNA yenyewe, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli. Mahali ambapo herufi mbili za vinasaba za aina ya thimini au sitosini zimekaa jirani, miale huzigandisha pamoja. Seli ikitaka kunakili DNA yake inafika hapo, inakwama, inabahatisha, na mara nyingine inaandika herufi isiyo yenyewe. Kosa hilo lina alama yake: sitosini inageuka kuwa thimini, wakati mwingine mbili zilizofuatana zinageuka kwa pamoja. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliikuta alama hiyo hiyo katika jeni iitwayo p53 ndani ya saratani za ngozi za wagonjwa. Kabla ya hapo tulijua uhusiano wa jua na saratani kwa kuhesabu wagonjwa na kwa majaribio ya wanyama. Tangu hapo tunaweza kufungua uvimbe na kuona mahali jua lilipopita.

Mwili haukai ukitazama. Kuna vimeng'enya vinavyoikagua DNA, vinakata kipande kilichoganda na kujaza kingine, kama fundi cherehani anavyokata palipochanika na kutia kiraka. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku. Ukitaka kujua thamani yake, waangalie watu waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao zeroderma pigmentosamu, ambao viraka hivyo hawana: wasipokingwa na jua, wengi wao hupata saratani ya ngozi wakiwa bado watoto wadogo.

Seli iliyoharibika kupita kiasi haingoji kiraka, inajiua. Na jeni inayotoa amri hiyo ni hiyo hiyo p53 niliyoitaja. Ukichukua kipande kidogo cha ngozi siku moja baada ya kuungua, ukakitia rangi za maabara na kukiweka chini ya hadubini, seli hizo zinaonekana waziwazi: zimetawanyika moja moja katikati ya wenzake, zimesinyaa, zimekuwa za waridi mkali, na kiini chake kimejikunja kikawa nukta nyeusi. Zikiwa nyingi vya kutosha, ngozi huzitupa nje kwa mkupuo. Huko ndiko kubambuka.

Kwa hiyo mumeo ana ukweli kidogo: kubambuka ni mwili kujisafisha. Ila iliyobambuka ndiyo isiyo na madhara tena, kwa sababu seli iliyokufa haiwezi kuwa saratani. Za kufikiria ni zile zilizoumia zikabaki hai. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na ndani ya vishina vya nywele, kuna seli mama zinazozalisha ngozi maisha yote, na kando yake kuna seli zinazotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi. Hizi za rangi ni ngumu kufa. Zinavumilia kuumia, zinabaki mahali pake miaka na miaka zikiwa na makosa yasiyorekebishwa. Melanoma, saratani ya ngozi inayoua zaidi, huanzia kwenye seli hizo. Ngozi mpya anayoisifu mumeo imezaliwa na seli zile zile zilizokuwa chini ya jua siku ile.

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi lilitushangaza. Mwaka 2015 utafiti wa Yale ulionyesha kwamba ndani ya seli za rangi, DNA inaendelea kuganda kwa zaidi ya saa 3 baada ya mtu kuondoka juani, kwa sababu melanini iliyopata nishati ya miale inaipitisha kwenye DNA hata gizani. Ndiyo maana losheni ya mshubiri inayopakwa jioni, ingawa inatuliza maumivu vizuri, haifuti chochote cha mchana.

Hapo utaniuliza: kama ndivyo, dada yako amekosea wapi? Amekosea kudhani kwamba kosa moja kwenye DNA ni saratani. Sivyo. Mwaka huo huo wa 2015, wanasayansi nchini Uingereza walichunguza ngozi ya kope iliyokatwa kwa sababu nyingine kutoka kwa watu wazima wasio na saratani hapo. Kati ya kila seli 100 za ngozi ile, 18 hadi 32 zilikuwa na mabadiliko ya jeni yanayojulikana kusukuma saratani, na bado ilikuwa ngozi ya kawaida inayofanya kazi yake. Saratani inahitaji makosa kadhaa, katika seli moja, kwenye jeni muhimu, tena yaponyoke kinga ya mwili. Kuungua mara moja ni kuongeza makosa. Kila kuungua kunakofuata kunakuta akiba ya makosa imeshaanza.

Takwimu zinasema hivyo hivyo. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa 2014, uliwafuatilia wauguzi weupe zaidi ya 100,000 kwa takriban miaka 20. Waliosema kwamba waliungua hadi malengelenge mara 5 au zaidi kati ya umri wa miaka 15 na 20 walikuwa na hatari ya melanoma iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 80. Watu husoma hiyo 80 wakadhani ni watu 80 kati ya 100. Chukua mfano wa hesabu tu: kama katika kundi la watu 1,000 wasioungua wangeugua 10, basi katika kundi kama hilo la walioungua hivyo wangeugua 18, na 982 wasiugue. Ni ongezeko la kweli na halifai kupuuzwa. Lakini si hukumu. Na angalia ni mara 5 au zaidi. Mwanao ana moja.

Niongeze tahadhari ambayo vichwa vya habari huiacha. Anayeungua mara nyingi ni mtu wa aina mbili kwa wakati mmoja: ngozi yake ni nyepesi kuungua, na amekaa juani sana. Kuungua kunaonyesha yote mawili. Watafiti hujitahidi kutenganisha kwa hesabu, na hata wakiondoa mchango wa rangi ya ngozi, kuungua bado kunabaki na uzito wake. Hata hivyo mimi huwaambia wagonjwa wasihesabu malengelenge peke yake. DNA huumia kabla ngozi haijawa nyekundu, na yule anayegeuka rangi taratibu bila kuungua anajidanganya kwamba yuko salama: kugeuka rangi ni jibu la ngozi kwa DNA iliyoumia, na kinga inayopatikana hapo ni ndogo, kama losheni ya kukinga jua yenye SPF 3 hivi (SPF ni namba inayoonyesha nguvu ya kinga dhidi ya kuungua).

Tena saratani za ngozi hazifanani katika jambo hili. Melanoma, na kwa kiasi saratani ya seli za tabaka la chini, zinaambatana zaidi na jua la ghafla: mtu aliyezoea ndani anajitupa juani siku moja akaungua. Saratani ya seli bapa inafuata jumla ya jua la maisha yote, hivyo humpata mkulima, mvuvi au mjenzi kwenye masikio, mdomo wa chini na migongo ya mikono, hata kama hakumbuki kuungua. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoiweka miale ya jua katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1992, halikusema jua linalounguza tu.

Je, utoto una uzito wa pekee? Ushahidi mzuri unatoka kwa wahamiaji waliokwenda Australia, nchi yenye jua kali na wakazi wengi weupe. Waliofika kabla ya umri wa miaka 10 walikuja kuwa na hatari ya melanoma inayokaribia ya wazaliwa. Waliofika wakubwa walibaki na hatari ndogo zaidi. Sehemu ya maelezo ni hesabu ya kawaida, kwamba anayeanza mapema ana miaka mingi zaidi ya kukusanya makosa. Lakini tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha pia kuwa kuungua ukubwani kunaongeza hatari vilevile. Simpi mtu mzima ruhusa ya kusema "mimi nimeshachelewa".

Sasa wewe mwenyewe, maji ya kunde. Melanini yako inafanya kazi kubwa. Vipimo vya maabara vilikadiria kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayolingana na SPF 13 hivi, na nyeupe kama 3. Wewe uko katikati. Unaweza kuungua, kama ulivyoona, ila kwa ngozi nyeusi ni vigumu kuuona wekundu: ngozi huwasha, hukaza, huwa ya moto ukiigusa, kisha hukoza rangi. Uhusiano wa kuungua na melanoma uliopimwa kwa watu weupe hauwezi kuhamishwa hivi hivi kwa watu weusi. Melanoma ya watu weusi hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si mhusika mkuu. Saratani ya seli bapa nayo kwa watu weusi hupenda makovu ya zamani ya moto na vidonda sugu. Kidonda kinachofunguka upya ndani ya kovu la moto la miaka mingi kinanishtua kuliko mgongo ulioungua bwawani. Wenye ualbino ni habari nyingine kabisa: melanini yao ni kidogo mno au haipo, na jua la kila siku linawaletea saratani wakiwa bado vijana. Kwao kinga ya jua ni dawa ya kila siku, si jambo la siku za kuogelea.

La kufanya kwa mtoto. Nguo kwanza, losheni baadaye, ingawa wengi hufanya kinyume. Fulana ya kuogelea yenye mikono, kofia yenye ukingo mpana inayofunika masikio na shingo, na kivuli katika saa za jua la utosi. Mfundishe mtoto kipimo kisichohitaji simu: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Wenye utabiri wa hali ya hewa wenye kipimo cha UV waanze kujikinga kikifika 3. Mchanga unarudisha miale juu, theluji mpya inarudisha hata asilimia 80, na kadiri unavyopanda mlima miale inaongezeka.

Losheni inafaa, na hili tumelipima. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima 1,621 waligawanywa kwa bahati nasibu kuanzia 1992: kundi moja lilipewa losheni ya kupaka kila siku, jingine likaendelea na mazoea yake. Saratani ya seli bapa ilipungua kwa karibu asilimia 40. Miaka 10 baada ya jaribio kwisha, waliokuwa kwenye kundi la losheni walikuwa na melanoma 11, wengine 22. Hao walikuwa watu wazima walioshakula jua maisha yao yote, na bado iliwasaidia. Ningependa mumeo na dada yako wote wawili waisome habari hiyo.

Tatizo la losheni ni kiasi. Namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na karibu hakuna anayepaka hivyo nyumbani. Wengi hupaka nusu au robo yake. Kwa mtu mzima aliyevaa nguo ya kuogelea hesabu ni vijiko 7 vya chai: kimoja uso, masikio na shingo, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja kifua na tumbo, kimoja mgongo. Mtoto anahitaji kidogo kuliko hapo, kulingana na mwili wake. Chagua SPF 30 au zaidi inayokinga UVA pia, paka dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa 2 na kila anapotoka majini. SPF 30 ikipakwa ipasavyo huzuia karibu asilimia 97 ya UVB na SPF 50 karibu 98, kwa hiyo usijitese kutafuta namba kubwa, ongeza kiasi. Na losheni isiwe tiketi ya kushinda juani siku nzima.

Akiungua tena: mtoe juani, maji ya baridi ya kawaida, anywe vya kutosha, dawa ya maumivu kwa dozi ya uzito wake, malengelenge yasitumbuliwe. Homa, kutapika, kuchanganyikiwa au malengelenge yaliyoenea mwili ni safari ya hospitali. Muulize pia daktari kuhusu dawa anazotumia yeyote nyumbani. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue upesi, na haidroklorothiazaidi, dawa ya presha, ikitumiwa miaka mingi imehusishwa na ongezeko la saratani ya seli bapa. Usiiache mwenyewe, zungumza na aliyekuandikia.

Kuhusu kujichunguza, mtoto mtazame tu unapomwogesha au kumpaka mafuta, bila kumtia hofu. Madoadoa ya kahawia yakijitokeza mabegani baada ya kuungua ni alama ya jua aliyoipata, si saratani. Akiwa mtu mzima na awe na habari kwamba aliwahi kuungua hadi malengelenge, amweleze daktari wake. Wewe jikague mara kwa mara kwenye mwanga mzuri, pamoja na nyayo, katikati ya vidole na kucha. Unachotafuta ni doa lisilofanana na mengine yako, au lililobadilika ukubwa, umbo au rangi ndani ya miezi michache. Usiangalie madoa ya zamani peke yake, kwa sababu melanoma nyingi huanza kwenye ngozi isiyokuwa na doa. Kidonda au kigamba kisichopona kwa mwezi mmoja nacho kionwe. Mistari myeusi kwenye kucha ni ya kawaida kwa watu weusi na mingi haina neno, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa. Mmoja mpya, unaopanuka, au weusi wake ukimwagikia ngozi ya pembeni ya kucha, huo nenda nao kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo.

Ataliangalia doa kwa lenzi yenye taa, na akilitilia shaka atataka kukata kipande kwa ganzi kipelekwe maabara. Mkubalie. Watu wengi hukataa hapo kwa kusikia kwamba doa la saratani likiguswa na kisu linasambaa. Halisambai kwa kukatwa. Linasambaa kwa kuachwa likue kwenda chini, na melanoma iliyoondolewa ikiwa bado nyembamba, katika tabaka la juu, karibu wote walioipata hupona.